Vidonge vya vimeng'enya: soma vizio, achana na picha ya papai

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie vidonge vya vimeng'enya vya kusaidia tumbo kusaga chakula, vile vinavyouzwa vikiwa na picha ya papai au nanasi kwenye chupa na neno "vya mimea" kwa herufi kubwa. Anayeuza atakwambia vinamaliza gesi, kiungulia, choo kigumu, kitambi na vidonda vya tumbo. Anayebeza atakwambia ni unga tu ndani ya ganda. Ukweli ni kwamba vipo vinavyofanya kazi, tena vizuri, lakini kwa shida mbili tatu zinazojulikana. Nje ya hapo mnunuzi anatoa pesa bure, na mara nyingine anachelewesha ugonjwa ambao ungewahiwa.

Kimeng'enya ni fundi wa kazi moja. Amilesi inakata wanga. Protesi inakata protini. Lipesi inakata mafuta. Laktesi inakata laktosi, yaani sukari ya maziwa, na alfa-galaktosidesi inakata zile sukari za maharage zinazoleta gesi. Laktesi haigusi mafuta hata ukimeza chupa nzima, kama vile fundi cherehani hawezi kuziba bomba kwa sababu naye anaitwa fundi. Kabla ya kuuliza bei, mnunuzi ajiulize kwanza ni chakula gani hasa kinamsumbua. Akijibu "kila kitu", hafai kuuziwa kidonge, anafaa kupimwa.

Mwili wenyewe unatengeneza vimeng'enya vyake kila siku, kwenye mate, tumboni, kwenye kongosho na kwenye kuta za utumbo mwembamba. Ile hadithi kwamba tulizaliwa na akiba fulani ya vimeng'enya inayopungua kila tunapokula chakula kilichopikwa haina msingi. Kongosho peke yake lina ziada kubwa mno: mafuta hayaanzi kutoka na choo mpaka uwezo wake wa kutoa lipesi umeshuka chini ya asilimia 10 ya kawaida. Mtu mzima mwenye afya anayemeza amilesi ili ugali ushuke anampelekea mvuvi samaki.

Neno "mimea" nalo linahitaji kufunuliwa. Vinavyotoka kwenye mmea kweli na kuuzwa kwa wingi ni viwili: papaini, inayotokana na utomvu wa papai bichi, na bromelaini, ambayo viwandani hutolewa hasa kwenye shina la nanasi linalobaki shambani tunda likishavunwa. Vyote viwili ni protesi, vinakata protini basi. Vingine unavyoviona kwenye lebo hiyo hiyo, amilesi, lipesi, laktesi, alfa-galaktosidesi, kwa kawaida havikutoka kwenye mmea wowote. Vimezalishwa na kuvu, hasa Aspergillus oryzae na Aspergillus niger, wanaokuzwa kwenye matangi kisha kimeng'enya kikachujwa na kukaushwa. Si jambo baya, wala si geni: Jokichi Takamine, Mjapani aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alipata hataza ya amilesi ya kuvu mwaka 1894, na ikauzwa kama dawa ya tumbo kwa jina la Taka-Diastase. Kinachokera ni mtu kuuziwa kuvu kwa picha ya papai.

Kwa watengenezaji, "vya mimea" mara nyingi maana yake ni "havikutoka kwa mnyama", tofauti na pankreatini inayotolewa kwenye kongosho la nguruwe. Msomaji Mwislamu ana jambo la pili la kukagua hapo: ganda. Unga wa ndani unaweza kuwa wa kuvu na ganda likawa la jelatini ya mnyama asiyetajwa. Ganda lisilo la mnyama hutambulika kwa neno hypromellose au herufi HPMC kwenye orodha ya viambato. Lisipotajwa popote, muulize muuzaji, na asipojua, liache.

Papaini inastahili maelezo zaidi, kwa kuwa ndiyo yenye jina kubwa na ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Utomvu wake unakingwa mashambani, na Kivu Kaskazini huko Kongo, upande wa Beni, wapo wakulima wanaolima papai kwa ajili ya utomvu huo kuliko tunda. Tunda bichi lililokwisha kukomaa kwa ukubwa linachanjwa asubuhi mapema, mikato michache ya kina cha milimita 1 hadi 2, isiyofika kwenye nyama ya tunda. Utomvu mweupe unadondokea kwenye kinga iliyofungwa chini ya matunda, unakaushwa kwa joto lisilozidi nyuzi 55, na baada ya siku kadhaa tunda lile lile linachanjwa tena upande mwingine. Chombo cha chuma chenye kutu kinaharibu mali, na mchanjaji asiyevaa glavu ngozi ya vidole inaliwa, maana utomvu huo haubagui protini ya nyama na protini ya mkono.

Sasa angalia: kadiri papai linavyoiva ndivyo utomvu unavyotoweka. Papai bivu unalokula baada ya pilau lina maji, vitamini na nyuzinyuzi, na hizo zinasaidia choo. Papaini ndani yake imebaki kidogo mno. Anayekwambia "kula papai bivu upate vimeng'enya" amechanganya matunda mawili yanayoitwa kwa jina moja.

Mchoma mishkaki wa Pwani halichanganyi. Anatafuta bichi, lenye utomvu unaodondoka akilikata. Kijiko kimoja cha chakula cha papai bichi lililosagwa pamoja na ganda lake kinatosha kilo moja ya nyama iliyokatwa vipande vya sentimita 2 au 3, kwa saa moja hadi mbili. Wengi wakiona nyama imekuwa teketeke kama ini lililopondwa hulaumu muda wa kulowekwa. Muda unachangia, lakini kazi kubwa inafanyika motoni. Papaini huwa na nguvu zaidi kwenye nyuzi 60 hadi 70, na kwenye friji inafanya kazi polepole sana. Nyama inapopanda joto taratibu juu ya makaa hafifu inakaa muda mrefu kwenye joto hilo, na hapo ndipo inaposagika. Makaa makali yanaivusha haraka. Kosa la pili ni kuipaka minofu minene: papaini inaingia milimita chache tu, kwa hiyo nje panakuwa uji na ndani panabaki mpira. Joto likizidi kiasi cha nyuzi 80 na kuendelea, papaini inakufa. Nyama inaliwa ikiwa laini, lakini kimeng'enya hakimo tena.

Kimea ni ndugu yake kwa upande wa wanga. Miaka ya 1980 watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walionyesha jinsi unga wa kimea unavyoweza kuufanya uji mzito wa mtoto unyweke bila kuongezwa maji. Ulezi unalowekwa usiku mmoja, unaoteshwa kwa saa 48 chini ya kitambaa chenye unyevu, unaanikwa, mizizi inapukutishwa, unasagwa. Uji unapikwa kwa gramu 200 za unga kwa lita moja ya maji, ambao kwa kawaida mtoto mdogo hawezi kuumeza. Unaachwa upoe kidogo, si baridi, kisha kinakorogewa ndani kijiko kimoja cha chakula cha kimea, kama gramu 10. Ndani ya dakika 10 unakuwa mwepesi, na chakula kilichomo ni kile kile. Uchemshwe tena dakika chache kabla ya kumpa mtoto, kwa kuwa nafaka iliyooteshwa inabeba vijidudu. Anayetumia mtama aondoe machipukizi yote, maana yana kemikali inayotoa sianidi. Hiki ni kimeng'enya cha mmea kwa maana halisi, kinagharimu kikombe cha ulezi, na kinamaliza kazi yake sufuriani kabla hakijafika tumboni. Ni ajabu kwamba hakina tangazo hata moja.

Turudi kwenye chupa. Miligramu ni uzito, hazisemi lolote kuhusu nguvu. Bromelaini ya miligramu 500 yenye nguvu ya GDU 2,400 kwa gramu (GDU ni kizio cha uwezo wa kukata jelatini) inakupa GDU 1,200. Miligramu 500 hizo hizo zikiwa za GDU 600 kwa gramu zinakupa 300. Chupa mbili, uzito mmoja, na moja ina nguvu mara nne ya nyingine. Ndiyo maana kimeng'enya hupimwa kwa kazi kinayoweza kufanya: laktesi kwa FCC au ALU, alfa-galaktosidesi kwa GalU, protesi ya kuvu kwa HUT, amilesi kwa DU, lipesi kwa FIP, bromelaini kwa GDU. Vizio hivi havilinganishwi kimoja na kingine. HUT 30,000 si "kubwa" kuliko FIP 1,000, ni mizani mbili tofauti. Chupa iliyoandikwa "mchanganyiko maalumu, miligramu 400" bila kizio hata kimoja irudishwe rafuni.

Penye faida ya kweli, nianze na maziwa. Watu wazima wengi Afrika Mashariki utumbo wao umeacha kutengeneza laktesi ya kutosha. Jamii za wafugaji zina nafuu: utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uligundua kwamba wengi wao Tanzania na Kenya wana mabadiliko yao wenyewe ya kijeni yanayowaruhusu kusaga maziwa ukubwani, tofauti na yale ya Wazungu. Asiye na bahati hiyo, laktosi inafika utumbo mpana nzima nzima, bakteria wanaichachua, na matokeo yake ni gesi, msokoto na kuhara. Kipimo kilichokubaliwa na Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ni angalau vizio 4,500 vya FCC kwa kila mlo wenye laktosi. Hapo ndipo chupa nyingi za "vimeng'enya mchanganyiko" zinapoanguka. Tuseme lebo inasema laktesi ALU 1,500 kwa kidonge. ALU na FCC hapo ni kizio kile kile, kwa hiyo unahitaji vidonge vitatu, na unalipia amilesi na lipesi usizozihitaji. Bora laktesi tupu.

Kidonge kinamezwa pamoja na funda la kwanza. Ukikumbuka baada ya saa moja umechelewa, maziwa yameshapita. Ukiendelea kunywa zaidi ya dakika 45, kingine kinahitajika. Kimezwe kwa maji ya kawaida. Ukikifungulia ndani ya chai ya maziwa inayotoa moshi umekiua kabla hakijaanza. Ipo pia laktesi ya matone inayotiwa kwenye maziwa yaliyopoa na kuachwa kwenye friji saa 24. Hiyo hutengenezwa kwa hamira, na asidi ya tumbo inaiharibu, kwa hiyo usiidondoshee mdomoni ukidhani ni sawa na kidonge. Maziwa yaliyokatwa laktosi yanakuwa matamu kidogo kuliko awali bila kutiwa sukari. Usiposikia utamu huo, matone hayajafanya kitu.

Lakini kabla ya kununua chochote: kikombe cha mililita 250 kina laktosi kama gramu 12, na wengi wenye shida hii wanakistahimili kikombe kimoja, hasa pamoja na chakula. Mtindi una nafuu zaidi kwa kuwa bakteria wake wameshaanza kuila laktosi na wanaendelea kusaidia tumboni. Kwa wengi, kuhama kutoka glasi mbili za maziwa freshi kwenda mtindi kunamaliza kesi.

Pa pili ni maharage, kunde, dengu na mbaazi. Hizi zina sukari ziitwazo rafinosi na stakiosi, na binadamu yeyote, mzima au mgonjwa, hana kimeng'enya cha kuzikata. Alfa-galaktosidesi ya Aspergillus niger inaziba pengo halisi. Vidonge vingi vina GalU 150 hadi 300 kimoja. Katika jaribio moja lililotumia gramu 420 za maharage yaliyopikwa, kipimo kilichopunguza gesi waziwazi kilikuwa GalU 1,200. Kwa sahani kubwa ya makande, basi, kidonge kimoja cha 150 ni mzaha. Kimezwe na tonge la kwanza. Kisichanganywe kwenye sufuria.

Kuloweka maharage saa 12, kumwaga maji hayo na kupika kwa maji mapya kunaondoa sehemu ya sukari hizo bila gharama. Wanaotia magadi wanalainisha ganda lakini wanapoteza vitamini B1. Na wapo wanaolaumu maharage wakati gesi inatoka kwenye chapati na vitunguu: ngano na vitunguu vina fruktani, aina nyingine ya sukari inayoleta gesi, na alfa-galaktosidesi haiigusi. Acha vitunguu siku tatu, ule maharage yale yale, utajua.

Hapo ndipo orodha yangu ya faida inapokoma, au karibu. Bromelaini ina kazi nzuri ambayo wauzaji wa vidonge hawaitaji: dawa ya kupaka inayotokana na shina la nanasi iliruhusiwa Ulaya mwaka 2012 na Marekani mwaka 2022 kwa kuondoa ngozi iliyokufa kwenye majeraha ya moto. Ni dawa ya hospitali, na haihusiani na tumbo kabisa.

Mafuta ni habari nyingine, na hapa ndipo kuna hatari. Mtu ambaye kongosho limeharibika, kwa pombe ya miaka, kwa kuvimba mara kwa mara, kwa upasuaji au kwa saratani, anapata choo kingi, cheupe-cheupe, kinachonuka sana, kinachoelea na kuacha mafuta chooni, huku mwili unakonda. Huyu anahitaji pankreatini. Mtu mzima huanzishiwa vizio vya lipesi kama 40,000 hadi 50,000 kwa mlo mkubwa na nusu yake kwa kitafunwa, kwenye vidonge vyenye chembe zilizofunikwa zisiyeyuke kwenye asidi. Kidonge cha "mimea" chenye lipesi FIP 1,000, hata tukilinganisha kwa ukarimu, kinamtaka ameze arobaini kwenye sahani moja ya wali. Kwa kuwa pankreatini inatokana na nguruwe, wapo wanaoikwepa kwa sababu ya dini na kushauriwa na wauzaji wahamie papaini. Papaini haikati mafuta. Suala la dharura ya kidini, yaani kuruhusiwa kilichokatazwa kwa kulazimika, mgonjwa amuulize mwanazuoni wake huku akiwa na maelezo ya daktari mkononi. Asiongozwe na lebo.

Kiungulia na vidonda vya tumbo havitokani na uhaba wa vimeng'enya. Vidonda vingi vinaletwa na bakteria Helicobacter pylori au na dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini. Kumwagia protesi juu ya kidonda ni kukosa mantiki. Mwenye choo cheusi kama lami au anayetapika damu aende hospitali sasa hivi; anayekonda bila kujua sababu, au aliyepungukiwa damu, aende wiki hii.

Na kuna la kumeza. Papaini imewahi kutumika nje ya nchi kulainisha nyama iliyonasa kooni, na imeachwa kwa sababu ilitoboa umio, yaani koo la chakula, wa wagonjwa. Sisi tuna sababu ya ziada ya kuikataa: magharibi mwa Kenya, Tanzania na Malawi zimo kwenye ukanda wa Afrika wenye saratani nyingi ya umio, na dalili yake ya kwanza ni chakula kukwama, kwanza nyama na ugali, baadaye hata uji. Aliyeanza kukwama anahitaji kamera ya kuangalia koo la chakula. Akipewa unga wa papai ameongezewa miezi ya kuchelewa. Kwa sababu hiyo hiyo usifungue kidonge cha papaini au bromelaini na kulamba unga. Ile hali ya ulimi kuwashwa ukila nanasi nyingi inachangiwa na bromelaini, na kwenye kidonge imekolezwa.

Wasiotumia kabisa papaini na bromelaini bila daktari ni hawa: anayetumia warfarin au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, anayesubiri upasuaji (aache wiki mbili kabla), mjamzito, kwa kuwa utomvu wa papai bichi katika majaribio ya panya ulikaza misuli ya mji wa mimba, jambo ambalo bibi zetu walilikataza bila maabara, na mwenye mzio wa mpira wa glavu, papai, kiwi, ndizi au parachichi, maana protini zao zinafanana. Mzio wa papaini si wa kuwashwa tu. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani ilichukua hatua ya kuziondoa sokoni dawa za kupaka zenye papaini ambazo hazikuwa na kibali, baada ya kupokea taarifa za watu kushuka presha na moyo kwenda mbio. Bromelaini pia inaweza kupandisha kiwango cha antibiotiki za amoksisilini na tetrasaiklini kwenye damu. Mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa ya akabosi asimeze amilesi: akabosi inafanya kazi kwa kuzuia wanga usikatwe haraka, na amilesi inaukata, kwa hiyo anameza breki na mafuta pamoja. Mwenye ugonjwa wa kurithi wa galaktosi asiguse laktesi wala alfa-galaktosidesi, kwa kuwa zote zinaachia galaktosi. Na mwenye ugonjwa wa siliaki, ambao utumbo unadhuriwa na gluteni ya ngano, asidhani kidonge chochote kinamruhusu kula chapati.

Kuhusu vibali: sheria ya Marekani ya mwaka 1994 inaruhusu virutubisho kuuzwa bila kuthibitisha kwanza kwamba vinafanya kazi, na FDA, ile mamlaka ya chakula na dawa ya huko, haiidhinishi virutubisho. Wakala anayekuonyesha chupa na kusema "imeidhinishwa na FDA" ama hajui ama anajua sana. Kwetu Tanzania, tangu 2019 vyakula na vipodozi viko chini ya TBS (shirika la viwango) na dawa ziko chini ya TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba). Chupa inayodai inatibu ugonjwa imejihamisha yenyewe kutoka chakula kwenda dawa, na namba ya usajili wa dawa idaiwe.

Nyumbani inawezekana kujua kama amilesi iko hai. Pika uji wa mahindi mzito, upoe mpaka unaweza kuzamisha kidole bila kuungua, ugawe bakuli mbili. Fungulia kidonge kwenye bakuli moja, koroga zote mbili sawasawa. Baada ya dakika 20 ule wenye amilesi hai unamwagika kama maji na mwingine umesimama. Kwa papaini na bromelaini tumia jeli ya jelatini iliyoganda: nyunyizia unga juu, ikiwa hai jeli inayeyuka pale uliponyunyizia. Kwa matone ya laktesi, chovya kipande cha kupimia sukari ya mkojo kwenye maziwa kabla na baada ya saa 24. Maziwa yasiyotiwa matone hayaonyeshi glukosi ya maana, yaliyokatwa laktosi yanakibadili rangi kipande hicho. Majaribio haya yanasema kama kimeng'enya ni hai. Hayasemi kama vizio vya kwenye lebo vimetimia.

Vinavyokufa mapema vinauawa zaidi na uhifadhi. Dirishani, kwenye droo ya gari, juu ya friji panapopata joto, bafuni: sehemu zote hizi ni mbaya, na Tanga, Mombasa na Unguja unyevu unamalizia. Kile kipakiti kidogo cha kukausha kisitupwe. Chupa ifungwe mara moja, na usihamishie vidonge kwenye kibahasha cha karatasi vikakaa siku nyingi. Unga ulioganda kama jiwe au uliobadilika rangi umeshakwenda.

Anayetaka kujua kama vinamfaa achague mlo mmoja unaomsumbua, kipimo kile kile, kwa mfano gramu 300 za maharage yaliyoiva. Ale mara tatu na kidonge, mara tatu bila, siku tofauti, bila kubadili kitu kingine, na aandike saa na hali ya tumbo kila mara badala ya kutegemea kumbukumbu. Mlo wa sita ukiisha bila tofauti, asinunue chupa ya pili. Iliyobaki, ikiwa ni papaini tupu, unga wa kidonge kimoja au viwili kwenye kilo ya nyama ya mishkaki unafanya kazi vizuri kabisa. Makaa tu yawe makali.

Wako,
Mfamasia, Tanga